Simu Yenye Mfumo Wake

Raymundi Lugembe alikuwa wakala wa kampuni ya simu iliyokuwa inayumba. Kampuni hiyo ilikuwa na njia mbili: kutumia mfumo uleule unaoendesha simu za kampuni nyingine, au kujitengenezea wa kwake. Ikachagua wa kwake. Raymundi aliusifu kwa moyo safi. Kwenye mnada wa Igunga alipaza sauti: "Hii haijaiga mtu! Ina mfumo wake!"

Mteja wake wa kwanza mtaani kwetu Cheyo alikuwa Nestory, fundi cherehani, Mgogo. Wanyamwezi, kabila la Raymundi, na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara, na hawa wawili hawakuiacha asubuhi ipite bure.

"We mpagazi, leo umebebeshwa nini?" Nestory aliita kila alipoliona begi la simu.

"Nimebeba akili, mla mlenda. Kwenu haziuzwi."

Raymundi hakuwa na mke wala ndugu hapa mjini. Matusi yale ndiyo yaliyokuwa kifungua kinywa chake.

Nestory alinunua simu ile ili amwone mkewe, Advera, aliyekwenda Mwanza kumuuguza mama yake. Kila jioni aliiegemeza kwenye cherehani, wakaongea wakitazamana. Kisha programu ya kupigia simu za video ikaacha kufanya kazi kwenye mfumo ule, kwa kuwa watumiaji wake walikuwa wachache mno.

Nestory alimsubiri wakala barabarani.

"Raymundi," alisema, "Advera haonekani tena kwenye simu."

Alimwita kwa jina, lakini Raymundi hakulitilia maanani.

"Kakukimbia, mla mlenda! Hata mfumo umemwonea huruma!"

Nestory hakucheka. Advera alikuwa amekaa Mwanza muda mrefu kuliko alivyoaga, na majirani walikwisha kuanza kuulizana. Alirudi kwenye kiti chake, akaendelea kukanyaga cherehani.

Kesho yake Raymundi alimpelekea simu yake mwenyewe ya zamani, yenye mfumo wa watu wote.

"Chukua, mtani. Uongee na shemeji."

"Asante, ndugu Raymundi. Nimeshaazima kwa jirani."

"Basi nitukane kidogo. Nilikosea."

"Nikutukane kwa lipi?" Nestory alifuta kiti kwa kitambaa, akakisogeza mbele. "Karibu ukae."

Mtani hakaribishwi hivyo. Mtani huambiwa aondoe vumbi lake dukani kabla halijachafua nguo za watu. Anayefutiwa kiti ni mgeni.

Raymundi alisimama mlangoni, simu mkononi. Hata hivyo aliketi, kwa maana kukataa kiti ni utovu wa adabu. Nestory akamuuliza habari za kazi, naye akajibu ni nzuri. Akamuuliza za afya. Wakazungumzia mvua, namna ilivyochelewa Nzega na namna ilivyowahi Urambo, kwa upole mkubwa, bila hata mmoja kumkatiza mwenzake.