Mtani Wangu wa Kitanda cha Dirishani

Mzee yule aliletwa kutoka Fukayosi na mguu uliooza kwa donda, akatoka chumba cha upasuaji bila mguu. Tangu hapo, kwenye kitanda chake cha dirishani, akageukia ukuta. Uji hataki, dawa hataki, na daktari akasema asipokula hatamaliza juma. Miaka ile ya kabla ya uhuru nilikuwa nesi mchanga katika hospitali moja ya Bagamoyo, nina mdomo mrefu kuliko aproni yangu.

Sista wetu, Mzungu mwenye roho nzuri na shingo ngumu, alikuwa na sheria moja: wagonjwa wote wahudumiwe sawasawa, kwa sauti ya chini na neno "pole". Basi mzee akapewa pole asubuhi, akapewa pole mchana, mpaka nikaona pole zitamuua kabla ya njaa. Kila aliyepita alimnong'oneza kama anamsindikiza makaburini. Nilikasirika. Mtu bado anapumua, mnamlilia nini?

Nikamuuliza kabila lake. "Mzaramo," akauambia ukuta. Mimi ni Mnyamwezi. Babu yangu alifika pwani na mizigo ya watu kichwani, akaona uvivu kurudi. Kwa hiyo huyu alikuwa mtani wangu, na mtani habembelezwi.

"Mzaramo," nikasema wodi nzima isikie, "kufa upesi, kitanda kinatakiwa! Na sanda yako nitaipunguza, mguu mmoja haupo. Kitakachobaki najifungia kilemba."

Mzee akageuka polepole.

"Mnyamwezi! Babu yako alipofika pwani alikunywa bahari, akauliza nani kazidisha chumvi kwenye mchuzi! Leo wewe ndiye wa kunizika mimi?"

Akaninyang'anya bakuli. Alikunywa uji huku akiutukana ukoo wangu, na mimi nautukana wake. Sikumbuki siku niliyofurahi kazini kama ile.

Sista akapata habari. Kumtukana mgonjwa! Nikapelekwa kufua mashuka, na mahali pangu akawekwa msichana wa pole. Mzee akarudia ukuta wake. "Mleteni yule mbaya wangu," ndilo neno pekee alilotoa.

Uji ulipozidi kurudi jikoni bila kuguswa, Sista akanifuata kwenye mashuka yangu, nikamweleza utani. Alisikiliza vizuri, akaelewa vibaya. Alichukua bakuli mwenyewe, akasimama mbele ya mzee, akamwambia kwa Kiswahili chake cha darasani, "Wewe ni mzee mbaya sana. Kufa."

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee akamtazama, kisha akaniuliza mimi, "Huyu ananitania kwa undugu gani?"

Sista, uso umemwiva, akauliza basi yeye aseme nini.

"Mwambie aniamkie."

Shikamoo alikuwa anaijua. Sisi manesi tulimpa kila asubuhi. Yeye hakuwahi kumpa mtu mweusi hata mmoja, awe na mvi kiasi gani. Tukasimama pale, uji unapoa, nami namwomba Mungu Sista asigeuke akaondoka. Mwishowe ikatoka, ndogo sana.

"Shikamoo, mzee."

Mzee hakuwa na haraka. Alijiinua kwa viwiko, akakaa sawasawa.

"Marahaba, mwanangu," akasema, akalipokea bakuli kwa mikono miwili. Halafu akanigeukia. "Na wewe Mnyamwezi, umetoa macho ya nini? Hujaona mtu akila?"