Karanga Nilizozikataa

Nikiwa na miaka kumi na tano, bibi yangu wa kijijini Merikit alinipa karanga nimchagulie mbegu za kupanda. Kila punje niliiona ina kasoro: doa, mkunjo, mchubuko. Kufikia saa nane mchana ungo ulikuwa na punje kumi na moja tu.

"Wewe unachagua karanga ama unachagua bwana?" bibi alicheka. Kisha akaona ninalia, akaniondolea ungo.

Sikumwambia kwamba hata daftari za shule nilizinakili upya hadi mara tatu, wala kwamba usingizi ulikuwa umenikimbia.

Siku hizi najisomea kwenye simu. Nimejifunza kwamba katika umri ule ubongo nao huchagua: huimarisha njia unazozitumia, huziacha nyingine zife, na wasiwasi kama wangu mara nyingi huanzia hapo. Nikajiuliza, ubongo wangu ulitupa nini?

Juzi nilimuuliza bibi alizifanyia nini zile karanga nilizozikataa.

"Si tulizipanda? Zikaota vizuri. Ukapalilia wewe mwenyewe, ukiimba."

Nimejaribu kulikumbuka lile shamba. Nakumbuka zile punje kumi na moja tu.