Gadi za Pikipiki ya Wavinya

Watu wa kijiji cha Tulia huijua pikipiki ya Wavinya kwa mlio wake kabla hawajamwona mwenyewe. Ni daktari wa ng'ombe, na kazi yake kubwa ni kupandikiza mbegu. Ng'ombe akitaka dume, mwenyewe anapiga simu, na Wavinya anafika na mtungi wake wa mbegu zilizogandishwa, ameufunga nyuma ya kiti. Ng'ombe hangoji mtu. Ukichelewa mpaka kesho siku yake imepita, na mwenye ng'ombe atakukazia macho kanisani mwaka mzima kwa sababu ulimnyima ndama.

Ndiyo maana alinunua pikipiki ya maana, ile ya safari za mbali, yenye tangi pana na matairi yenye meno. Waendesha boda wa Tulia huiangalia wakameza mate. Ilikuwa imetumika, na bwana aliyemuuzia alizifungua gadi zake kwanza akabaki nazo. Sijui mtu wa aina hiyo hulala vipi usiku.

Gadi ni vile vyuma vya ubavuni mwa injini, vya kupokea pigo pikipiki ikilala. Wavinya aliendesha bila gadi mpaka siku aliyoingia mto mkavu, gurudumu la mbele likazama mchangani, na pikipiki ikamlalia mguu. Hakuwa na mwendo wowote. Watu hudhani kinachoangusha ni kasi. Huku kwetu mtu huanguka akitambaa. Kifundo kilivunjika, na bomba la moto la eksosi likamchoma nyama ya mguu kwa nyuma kwa kuwa hakuweza kujichomoa. Akina mama waliokuja kuchota maji ya mchangani ndio walioiinua.

Mumewe, Kivuva, ni seremala, mtu wa maneno machache. Binamu yake Mbuvi ana duka la dawa za mifugo kule mjini Wote, na alikuwa akitafuta mtu anayezijua dawa wa kusimama kaunta.

"Mama Kasiva," Kivuva alimwambia mkewe siku ile plasta ilipotolewa, "mimi sikukatazi. Lakini nionyeshe kitu kitafanya usilaliwe na hiyo pikipiki tena. Nikiridhika, nitanyamaza. Nisiporidhika, tunahamia Wote."

Hakuna ubaya na Wote. Lakini Wavinya alipojiona nyuma ya kaunta akiuza dawa ya kupe mpaka azeeke, roho ilimsinyaa. Anaipenda kazi yake. Anapenda kuitwa alfajiri, kuingiza mkono kwa ng'ombe wa mtu, na kurudi mwakani kuonyeshwa ndama. Akakubali masharti, akaanza kutafuta gadi.

Alianzia mjini Kitui, kwa Amin muuza spea. Mababu wa Amin walitoka pwani, na ulimi wao amebaki nao mpaka leo.

"Hizi ndizo za pikipiki yako hasa, dada," Amin alisema akimshushia jozi inayong'aa. "Zimetoka ng'ambo. Bolti zake zaingia mahali pake, hutoboi kitu."

Zilikuwa nzuri kweli, na zilikaa karibu kabisa na injini. Wavinya alizigeuza huku na huku.

"Zinalinda nini?"

"Injini, rejeta ya kuipoza, na tangi lako."

"Na mguu?"

Amin alifikiri. Ni mfanyabiashara, lakini si mwongo. "Mguu, dada yangu, ni wako kuuondoa."

Wavinya alicheka, akashukuru, akatoka mikono mitupu. Kwa gadi zile injini ingepona vizuri sana, na yeye angekuwa chini yake akiipongeza.

Akarudi Tulia kwa Kitonga, fundi wa jua kali. Kitonga anajua kuchomelea, ila chuma anakipenda kupita kiasi. Mlango wake wa choo unaweza kulinda benki. Isitoshe, mtu akianza kazi pale, waendesha boda wote wanageuka wahandisi.

"Daktari, weka pana, utabeba jerikeni."

"Ongeza ndoano hapo. Kuku wanakaa poa sana hapo."

Maana kwa watu wa boda, gadi ni mahali pa kuning'iniza mzigo. Kitonga alimsikiliza kila mtu isipokuwa mwenye pikipiki. Alipomaliza, vyuma vilikuwa vimetanuka pande zote mbili kama pembe za fahali, na ndoano juu. Wavinya alikwenda nayo kazini, akafika kwenye boma la mzee Nyamai, akakwama mlangoni kati ya miiba, asiweze kuingia wala kutoka. Mzee alicheka mpaka akashika kiuno, kisha akabomoa ua wake mwenyewe ili ng'ombe ahudumiwe.

"Kitonga, umenitengenezea kitanda," Wavinya alimwambia aliporudi. "Na ni nzito, hata kuisimamisha siwezi."

"Aiya! Si ulisema unataka nguvu?"

"Nilitaka nafasi." Akapandisha mguu wa suruali, akamwonyesha kovu, kisha akagusa kando ya eksosi. "Mguu ulikuwa hapa. Chuma ya mbele peke yake haitanisaidia, nyuma itashuka tu. Weka ingine fupi huku nyuma. Pikipiki ilalie hizo mbili, mguu ubaki katikati."

Kitonga aliliangalia lile kovu. Kisha akachukua chaki yake, na wale wahandisi akawaambia wakatafute abiria. Safari hii alitumia bomba jembamba, akalipinda kwa uangalifu, akalifunga kwenye fremu kwa bolti sehemu mbalimbali ili pigo ligawanyike.

Jumamosi Kivuva alikuja kuona. Kitonga alitunisha kifua, akailaza pikipiki uani kwake, kwenye udongo mgumu. Ikatulia juu ya vile vyuma viwili, na katikati mguu ungepita bila shida. Kitonga akageuka apongezwe.

"Hakuanguka hapa," Kivuva alisema.

Wavinya alikasirika, na kilichomkasirisha zaidi ni kwamba mumewe alisema kweli. Wakapanda wote wawili, wakaenda mtoni.

Mchanga ulikuwa laini hadi ng'ambo. Wavinya alisimamisha pikipiki katikati ya mto, injini ikiwa bado moto. Alikuwa akitafuta gogo la kujaribia badala ya mguu alipogeuka na kumkuta mumewe amelala chini, mguu mmoja ameunyoosha kando ya injini.

"Angusha," Kivuva alisema.

"Baba Kasiva, amka. Tutatumia gogo."

"Gogo halitaniambia kitu. Angusha."

Alibisha, akabembeleza, akamwita kichaa. Kivuva hakusogea. Mwishowe Wavinya akashika usukani, akaielemeza pikipiki upande wa mumewe, akaiachia.

Vyuma vilizama mchangani. Vilizama kuliko alivyotarajia, mpaka nusu yake.

"Kivuva!" Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu wapate mtoto.

Kivuva alikuwa akiujaribu mguu, akiuzungusha polepole. Ulibanwa kidogo, kisha ukatoka. Kiatu kilibaki chini. Lakini hakuinuka. Alibaki amelala pale na soksi yake, akiitazama eksosi.

"Kuna joto hapa," alisema.

"Ndiyo."

"Ulilala hivi mpaka wale akina mama wakaja?"

"Ndiyo."

"Hukuniambia."

Hakumwambia. Alimweleza habari za kifundo na plasta, akaacha yale mengine. Sasa akakaa mchangani, akamwambia alivyopiga kelele mpaka sauti ikakatika, na alivyosikia harufu ya ngozi akajua ni yake. Kivuva akajipangusa uso kwa mkono uliojaa mchanga. Alikuwa analia.

Baadaye akainuka, akajikung'uta. "Kitonga aongeze bati hapa, likinge joto."

"Nitamwambia."

"Na Mbuvi nitampigia simu. Atafute mtu mwingine wa duka." Kisha akarudi nyuma hatua kadhaa. "Sasa inua."

"Nisaidie upande ule."

"Ukianguka tena sitakuwa hapa. Inua."

Wavinya akaipa pikipiki mgongo, akachuchumaa, akashika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, akasukuma kwa miguu. Mchanga ukampokonya mara ya kwanza. Mara ya pili pikipiki ikapanda, ikayumba, ikakaribia kurudi chini. Kivuva alisimama palepale na kiatu kimoja, mikono ameifungia mgongoni, kaishikilia kwa nguvu isije ikamsaidia mkewe.