Koti la Kitambaa cha Buibui

Kosa lenyewe lilikuwa hili: nilimshonea ndugu yangu koti la Kiyahudi kwa kitambaa cha buibui. Hakuna aliyenidanganya. Nilikwenda dukani mwenyewe, nikakishika, nikakipapasa, nikakivuta huku na huku kama mtu anayejua, nikamwambia mwenye duka anikatie. Kilikuwa cheusi, kilikuwa laini, na bei yake ilikuwa ya mtu kama mimi. Kwa akili zangu, nyeusi ni nyeusi. Kumbe nyeusi nazo zina koo zake.

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne, nikajifunza kushona, nikakaa. Cherehani yangu ilikuwa barazani, kwenye ploti ya vyumba vya kupanga hapo Kitale, karibu na msikiti, na dunia ilikuwa ikinipitia hapo hapo. Watu walikwenda Endebess wakarudi wakanisimulia, nami nikaona imetosha, hakuna haja ya wawili kwenda kuangalia mahindi yale yale. Mtu akiniuliza nimetembea wapi, nilimwambia nimetembea mpaka bombani.

Sisi ni Wayahudi. Nikisema hivyo watu hucheka kidogo, halafu huuliza kama nilitaka kusema Wasabato. Kwetu, upande wa Bungoma, tulikuwa nyumba chache tu, na baba ndiye aliyetuongoza katika nyumba ya maombi ya udongo iliyoezekwa mabati. Ijumaa jua likizama tuliwasha mishumaa, tukaimba wimbo wa kuikaribisha Sabato, na tangu hapo hakuna aliyeshika kazi mpaka nyota za Jumamosi zionekane. Aliyeanzisha wimbo huo, tangu akiwa mtoto, ni ndugu yangu mdogo. Sauti alikuwa nayo. Lakini baba alikuwa na desturi yake: anayeongoza akiteleza, hata kidogo, baba aligonga benchi kwa kifundo cha kidole, ko, ko, na wewe unarudi mwanzo. Husemeshwi, hutazamwi. Unagongewa, unarudi. Kuna Ijumaa ndugu yangu alirudishwa mpaka mishumaa ikafika nusu, na sisi wengine tukawa tunamwomba Mungu kuhusu viazi vilivyokuwa vikipoa.

Halafu reggae ikamchukua. Alifuga nywele zikasokotana, akavaa kofia ya kufuma ya zile rangi tatu za Rasta, akawa anaimba habari za Sayuni. Baba alisema hakuna mtu atakayeanzisha wimbo mle ndani akiwa na kichaka kichwani. Nafasi akapewa mjomba. Mjomba wangu ana roho nzuri sana, ila sauti yake ni ya mashine ya kusaga inayokataa kuwaka asubuhi ya baridi. Miaka yote aliyoongoza, baba hakumgongea hata mara moja. Mama alipouliza kwa nini, baba alijibu kwamba mashine hairekebishwi kwa kugongwa.

Ndugu yangu akaja Kitale, akapanga chumba kilichopakana na changu. Muziki wake ulikuwa na taabu moja ambayo hakuna meneja angeweza kuitibu: nywele zilikuwa za ras, lakini Sabato aliishika. Ijumaa usiku hapigi. Jumamosi mchana hapigi. Jumapili watu wako kanisani. Basi alikuwa mwanamuziki mashuhuri wa Jumanne. Na kila Ijumaa jua likizama, kupitia ukuta, nilimsikia akianzisha ule wimbo peke yake. Anafika mahali, ananyamaza, anarudi mwanzo. Hakuna aliyemgongea. Alikuwa akijirudisha mwenyewe. Nilikuwa namtania kwa kila kitu, hata kwa jinsi anavyokula ugali, lakini kwa hilo sikuwahi kumtania. Nilijua anachotaka. Alitaka arudi pale mbele, na baba akiwa nyuma yake na kile kidole.

Siku moja mwenye klabu alimokuwa akipiga alimwambia kwamba ras wamejaa mjini, hata makanga wote wa matatu sasa ni ras, na kama hana kitu kipya basi Jumanne nayo atapewa mtu mwingine. Alirudi akalala na viatu. Asubuhi akaja barazani na kalenda ya zamani ambayo mgeni fulani wa ng'ambo aliiacha kwetu. Ilikuwa na picha ya wazee wa Kiyahudi wenye makoti meusi marefu, kofia nyeusi pana, ndevu, na nywele zilizoning'inia kando ya masikio.

Akaniambia, "Dada, wale wengine wote wanaimba Sayuni wakiwa wageni. Mimi ndiye mwenyeji, na mimi ndiye nisiyefanana na mwenyeji. Nishonee hii."

Kwetu hakuna aliyewahi kuvaa hivyo. Baba husali na sweta. Nilimwambia hao wazee wanaishi kwenye theluji, na yeye atakwenda kuchemka kama githeri. Akasema ati sura ni nusu ya muziki. Nusu ya pili alikuwa ameshaitengeneza: aliacha gitaa la umeme, akachukua litungu, kile kinubi cha kwetu cha kuvutwa kwa vidole, na juu ya mwendo wa reggae akaweka zile nyimbo zetu za nyumbani. Alinipigia kidogo. Nikasahau nilikuwa napindua kola, nikajichoma sindano.

Basi nikamnyoa. Nilimnyoa kwa mkasi wa kukatia vitambaa, jambo ambalo fundi yeyote akilisikia atanifukuza katika chama cha mafundi, na mkasi haukupona tena. Akaniomba nimwachie misokoto miwili, mmoja kila upande mbele ya sikio, iwe kama ya wale wazee. Ndevu zilikuwa chache, ungeweza kuziita kwa majina. Kofia tuliipata mitumbani. Ilikuwa ya wachunga ng'ombe wa sinema, ya kahawia, akaipaka rangi nyeusi ya viatu na kuisugua kwa brashi mpaka ikang'aa.

Nami nikashona lile koti. Jirani yangu wa mlango wa pili, mama wa Kiislamu mzaliwa wa mji huo huo, muuza viungo vya pilau, alipita akaona kitambaa kimenifunika mpaka magoti. Akasimama. Akatabasamu kwa namna ambayo hajawahi kunitabasamia. Kesho yake akaniletea tende kwenye kisahani. Kesho kutwa akaniuliza polepole kama nimeamua mwenyewe au kuna mtu amenishawishi. Nikamwambia ni uamuzi wa familia. Akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akaniambia nisiogope watu watasema nini, Mungu anajua nia. Nikawaza, huyu mama anapenda muziki kiasi hiki na hajaniambia?

Koti lilipokwisha tulilijaribu mjini. Kivulini lilikuwa koti. Juani liliwaka kama maji, na upepo ulipovuma lilijaa hewa likamtangulia. Mpiga viatu rangi alimwamkia, "Shikamoo, Pasta." Wanawake wawili walimpisha njiani kwa heshima, kisha wakageuka kuangalia viatu vyake. Na mzee mmoja wa Endebess, mwenye kesi ya shamba isiyokwisha, alimfuata kutoka mahakamani mpaka kwetu, akakaa kwenye kiti changu cha wateja.

"Wakili," akasema, "iko shida kidogo."

Ndugu yangu alijaribu kumweleza kuwa yeye ni mwimbaji. Mzee akasema haidhuru, wa kwake wa kwanza pia alikuwa anaongea tu. Mwishowe, kwa uchovu, ndugu yangu akamshauri aanze kwa kuongea na jirani yake wenyewe kwa wenyewe. Baada ya siku chache mzee akarudi na debe la mahindi mabichi. Walikuwa wameelewana. Nikamwambia ndugu yangu aache reggae, hapo ndipo mkate wake ulipo.

Lakini yeye alikuwa ameshaalikwa Bungoma. Kulikuwa na tamasha la wanamuziki wa huko, ukumbini, Jumapili alasiri, siku ambayo hata Mungu wetu hakuwa na pingamizi. Alimpelekea baba ujumbe aje amsikie mara moja tu. Baba akajibu kwamba atakuja kuangalia kama kweli hicho kichwa kimenyolewa. Ndugu yangu hakula siku mbili. Akaniomba twende wote, kwa sababu kifungo kimoja kilikuwa kinalegea. Kifungo. Mtu mzima anaogopa baba yake na anasingizia kifungo.

Mimi, ambaye Bungoma nilikuwa naikumbuka kama hadithi, nikaona siwezi kusafiri bila mtu wa kunishika mkono. Nikamwomba jirani. Akakubali haraka sana, akasema ana ndugu zake huko karibu na msikiti, na watafurahi mno kuniona.

Ukumbini baba alikuwa mstari wa mbele, sweta lake limefungwa mpaka juu, mjomba kando yake. Mshereheshaji, kijana wa shati la maua, akamtambulisha ndugu yangu kama rabi aliyetua leo leo kutoka Yerusalemu. Nusu ya ukumbi walikuwa wamenunua mboga kwa mama yetu sokoni Ndalu. Walipiga makofi hata hivyo, kwa adabu.

Akaanza. Litungu likalia, ngoma ikaingia, vijana wakaanza kuyumba. Kwa dakika chache kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushona. Halafu akainua mkono wa kulia, kama wafanyavyo waimbaji wa reggae, na mkono wa koti ukabaki chini.

Hapo ndipo nilipoelewa kitambaa. Nilikuwa nimekipiga mshono mmoja, kama yunifomu ya shule, na kile kitambaa huteleza, uzi haukikamati. Alikuwa amelivaa koti akisimama na akitembea. Hakuwa amecheza akiwa nalo. Mkono wa pili ukafuata. Vijana wakashangilia, wakidhani ndivyo ilivyopangwa. Aliporuka, mgongo ukafunguka kutoka kola mpaka chini, taratibu, kama pazia la harusi. Na jasho likaifikia ile kofia, rangi ya viatu ikaanza kumshuka mashavuni mistari mistari, akawa kama punda milia anayesali.

Lililobaki lilidondoka. Chini yake alikuwa na shati jeupe, na chini ya shati zilitokeza zile kamba nyeupe nne za maombi ambazo wanaume wa dini yetu huvaa pembeni mwa vazi la ndani, na ambazo baba alimfunga alipokuwa mdogo. Sikujua kwamba bado anazivaa. Miaka yote ya klabu, chini ya zile rangi tatu, alikuwa nazo.

Mshereheshaji akaona nyuzi zinaning'inia. Kijana mwenye huruma, akatoa kiberiti cha gesi, akainama kumchomea nyuzi zile kama mafundi wanavyofanya. Sijui nilifikaje jukwaani. Mimi wa bombani, mbele ya Bungoma nzima, na sindano kifuani, nimeshika mkono wa mtu nisiyemjua.

"Hizo si nyuzi zangu," nikamwambia. "Zangu ni hizo ziko chini."

Watu walicheka mpaka mpiga ngoma akaacha. Ndugu yangu akasimama hapo bila koti, amepakwa rangi ya viatu, misokoto miwili imelowa. Nilidhani atashuka. Badala yake akafumba macho, akalishika litungu peke yake, akaanzisha ule wimbo wa Ijumaa.

Alifika pale pale alipokuwa akinyamaza kila Ijumaa, kule nyuma ya ukuta. Akateleza.

Ko, ko.

Baba alikuwa amegonga kiti. Sidhani alikusudia. Kidole kilijiendea chenyewe, kama mguu wa mtu aliyelala. Na ndugu yangu, mbele ya mashabiki wa reggae waliolipa kiingilio, akarudi mwanzo kama mtoto. Akateleza tena. Ko, ko. Akarudi tena. Mjomba akamwambia baba kwamba hapa si kwetu, watu wanatutazama. Baba hakumsikia. Mara ya tatu mpiga ngoma, aliyekuwa hajui lolote, alisikia ile ko ko ikiangukia hasa mahali inapopendwa na reggae, akaifuata. Vijana wakaipokea kwa viganja. Ukumbi mzima ukawa unamgongea ndugu yangu, na kila wakigonga yeye anarudi mwanzo. Wimbo haukwisha. Sijui kama siku ile ulifika ubeti wa pili. Waliulilia urudiwe, na mtu angejiuliza urudiwe mara ngapi.

Mjomba ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa. Alimtazama baba, akatazama kile kidole ambacho hakikuwahi kumgongea yeye, akavua kofia yake ndogo, akajipepea nayo. Nilimwona amepumua, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Nje, baba alimkabili ndugu yangu, akamwangalia kichwa pande zote mbili. Akashika msokoto mmoja, akauachia.

"Hivi vimebaki vya nini?" akauliza, na kabla hajajibiwa akaongeza, "Ijumaa uje mapema. Na uoge."

Ndugu yangu akaenda nyuma ya ukumbi kunawa uso, na alikaa huko muda mrefu kuliko uso wake unavyohitaji.

Mimi nilikuwa chini nikiokota koti vipande vipande. Jirani yangu akaja, akachukua mkono mmoja, akaugeuza nje ndani, akatazama mshono wangu juani kwa muda. Kisha akanitazama mimi.

"Mwezi mzima nakuombea uingie dini," akasema, "kumbe wewe hata buibui hujui kushona."