Mzaramo wa Bombei

Talha, fundi vyerehani wa Tandika, alionekana mgeni kwenye mtaa aliozaliwa, na kosa lote lilikuwa la pua yake. Pua hiyo na nywele za singa aliachiwa na baba, Mhindi wa Bombei aliyefariki Talha angali ananyonya. Vilivyobaki vyote vilikuwa vya mama, Bi Hamida, Mzaramo wa Kisarawe hasa, wa kwenda ngomani leo akarudi kesho kutwa. Kihindi, Talha hajui hata salamu. Lakini wapi! Mteja akiingia tu: "Mhindi, shusha bei!"

Mwaka huo akagombea uenyekiti wa mtaa. Si kwa tamaa ya cheo, msimsingizie; alitaka watu wa Tandika wamhesabu mwenzao, basi. Mpinzani wake alikuwa Gaspar, muuza asali, Mnyamwezi aliyeshuka na treni kutoka Tabora juzi juzi tu, mwenye mdomo usiohitaji spika.

"Jamani, mtaa wapewe wenye nchi!" Gaspar aliunguruma mkutanoni. "Huyu mkimchagua, ofisi anaihamishia Bombei! Barua ya utambulisho mtaifuata kwa ndege!"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Talha naye akacheka, angefanyaje? Nyumbani ugali ukamshinda. Iliuma, tena iliuma sana, maana nusu ya waliocheka, yeye ndiye anayewatengenezea vyerehani.

"Muache aropoke, mwanangu," Bi Hamida akamwambia. "Mnyamwezi huyo, mtani wetu. Siku yake ipo."

Siku tatu kabla ya kura, Bi Hamida akafariki.

Mtaa mzima ukaenda kuzika, Gaspar akiwemo. Sasa, Mnyamwezi kwenye msiba wa Mzaramo hawezi kukaa kimya. Ndiyo mila, mtani afanye vituko ili wafiwa wapumue. Gaspar alijitahidi kujizuia, maskini. Alijiuma midomo kutoka msikitini mpaka makaburini. Jeneza lilipotua, uzalendo ukamshinda: akarukia kaburini, akalala chali, mikono kifuani.

"Hapa hazikwi mtu mpaka nipewe jogoo!" akapiga kelele. "We Talha, Mzaramo mvivu! Wazaramo nyie, ngoma mnakesha, kaburi la mama yenu mmechimba fupi!"

Mzee Leonardi, jirani yao mchonga vinyago, akainama ukingoni.

"Gaspar, juzi si ulisema huyu kwao Bombei? Wanyamwezi na Bombei mmeanza lini kutaniana?"

Makaburini pote kikalipuka kicheko; hata shehe aligeukia pembeni, mabega yakimtikisika.

Talha hakuwahi kutukanwa vizuri namna ile maishani mwake. Alimlilia mama, akacheka humo humo kwa furaha. Akamnyooshea Gaspar mkono.

"Toka, mtani. Jogoo utapewa. Sie Wazaramo hatudhulumu."

Kura zilipopigwa, Gaspar akashinda kwa tofauti ya kura tisa, maana maneno anayo. Talha alinuna siku nzima. Kesho yake akafungua kibanda, na wa kwanza kuingia akawa mwenyekiti mpya, kabeba cherehani cha mkewe begani.

"Mzaramo," akasema, "shusha bei!"

Hakushusha. Lakini alikitengeneza siku hiyo hiyo, huku akiimba.