Mama amembana mkuu wa idara ya hisabati

Jamani, leo mama yangu amemuuliza profesa swali mbele ya darasa zima!

Kikao cha kutukaribisha wanafunzi wapya wa uzamili wa hisabati kilikuwa cha mtandaoni. Mimi niko nyumbani Vuga. Juu blauzi ya heshima, chini kanga.

Zamu yangu ikafika. Ndiyo kwanza nataja jina, mama huyo, na beseni la karoti.

"Unaongea na nani?"

"Mkuu wa idara, mama."

Akainama mbele ya simu.

"Baba, huyu anasoma hesabu tangu darasa la kwanza. Kwani haziishi?"

Nikajua chuo ndiyo basi tena.

Profesa akavua miwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Haziishi. Mimi mwenyewe kuna swali limenishinda tangu ujana."

Mama akamwonea huruma, tena ya kweli kabisa.

"Pole, baba. Huyu atakusaidia."

Watu walicheka mpaka wengine wakazima kamera!

Profesa hakucheka.

"Binti, Jumatatu njoo ofisini nikuonyeshe hilo swali."

Nikaitika ndiyo kabla sijajua swali lenyewe ni lipi.

Nicheke au nilie?