Jua la Rweya

Mimi nimezaliwa Muleba, nikaolewa Maruku, na kwa kukata nyasi hakuna mwanamke aliyenishinda. Wajukuu zangu wote nimewabeba mgongoni kwenda rweya, kule mbugani penye jua na upepo, kutafuta nyasi za kutandaza. Nyumbani kwetu ni kibanja tu, migomba imesonga mpaka mlangoni.

Kisha miguu ikaanza ganzi. Daktari Bukoba mjini akasema mwili wangu wenyewe unashambulia mishipa ya fahamu. Ugonjwa wanauita MS, hauponi. Joto likinipata, miguu inageuka uji. Basi mke wa mwanangu, kwa mapenzi, akanikalisha kivulini chini ya migomba kutwa nzima, hata kikombe sikuinua. Siku moja nikateleza sakafuni, kidogo tu, mkono ukavunjika kama kijiti cha muhogo.

Daktari alitugombeza wote wawili. Sindano za kutuliza ugonjwa zinaidhoofisha mifupa, alisema, kivuli kinainyima jua, na kukaa kunaimalizia. Nile dagaa wazima na mifupa yao, ninywe maziwa, nisimame kila siku, niote jua la asubuhi kabla halijachoma. Nikivunja nyonga, huenda nisiinuke tena.

Lakini kibanjani jua linafika chini saa sita, limekwisha kuwa moto. Nikamwambia mkwe wangu anipeleke rweya asubuhi na mapema. Akasema watu watamsema, anampeleka mama mkwe mgonjwa kukata nyasi.

"Waache waseme. Nikilala kitandani watakuja kunigeuza wao?"

Mfupa ulipounga, tukaenda polepole, mkono mmoja begani kwake, mwingine kwenye fimbo. Wanawake walikuwa wameinama, wanakata. Jirani akaniuliza kama nimekuja kuwasimamia. Nikamjibu ndiyo, na yeye akate chini, anaacha nusu nzima.

Nilisimama mpaka magoti yakatetemeka. Harufu ya nyasi mbichi ikanipanda kichwani, nikautamani mundu kuliko nilivyowahi kutamani chakula. Mkwe wangu aliona jicho langu linakoelekea, akanishika kiunoni kwa nguvu.

"Mama, kusimama tu. Ndiyo kazi yako."

Wanawake walipojitwisha matita ya nyasi na kuanza kushuka, utosi wangu ulijiona mtupu. Nikautamani ule uzito, na umande unavyochuruzika shingoni. Nikawapisha njia.

Asubuhi iliyofuata ni mimi niliyemgongea mkwe wangu mlango.